"Mwili Umeizoea Dawa": Kutafuta Hitilafu Kuanzia Kaunta Hadi Ndani ya Seli

Sentensi ninayoisikia kwenye kaunta kuliko hata "hii ni pesa ngapi?" ni hii: "Daktari, hii dawa mwili umeizoea. Nipe ya nguvu." Mimi ni mfamasia, si daktari, ila katikati ya Nairobi kila anayesimama nyuma ya kioo cha kemisti akiwa na koti jeupe huitwa daktari, nami nilishaacha kubisha. Ninachobishia bado ni hilo neno "kuzoea". Limebebeshwa hitilafu zisizopungua tano: nyingine ziko ndani ya seli, nyingine ziko kwa vijidudu, nyingine ziko kwenye kopo ulilolishika mkononi. Kila moja ina dawa yake. Kumpa mtu kitu kikali zaidi kabla ya kujua ni ipi ni sawa na kuongeza petroli kwenye gari lenye pancha.

Chombo changu cha kwanza cha uchunguzi ni saa. Kabla sijagusa rafu nauliza maswali mawili: dawa ilianza kulegea baada ya muda gani? Na ukiiacha kidogo, nguvu yake hurudi baada ya muda gani? Aliyejibu "dakika" na aliyejibu "wiki" hawana tatizo moja, hata kama dawa ni ileile.

Kinachotokea getini

Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, upande mmoja ukitazama nje, mwingine ndani. Familia kubwa kuliko zote hupita kwenye utando mara saba, kama uzi wa fundi cherehani unaoingia na kutoka kwenye kitambaa. Mjumbe, tuseme adrenalini, au salbutamoli ya mgonjwa wa pumu, hukishika kwa nje. Kipokezi hujipinda, huamsha protini G iliyo upande wa ndani, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP, kemikali inayosambaza ujumbe ndani ya seli. Katika misuli ya njia za hewa, saikliki AMP ikipanda misuli hulegea na pumzi hupita.

Fikiria kengele ya geti la ploti. Mtoto wa jirani ameibonyeza mara ishirini asubuhi moja. Soja hawezi kumzuia mtoto, basi anachukua kitambaa na kuifunga kengele. Kidole bado kinabonyeza, kengele bado ipo, ndani hakuna anayesikia. Seli hufanya vivyo hivyo, na huanza ndani ya sekunde hadi dakika chache. Kimeng'enya kiitwacho GRK hukitafuta kipokezi kilicho kazini, kile kilicholala hukiacha, na hukibandika fosfeti kwenye sehemu zake za ndani, hasa mkiani. Kisha protini nyingine, beta-arestini, huja kukaa palepale ambapo protini G ingeshika. Hicho ndicho kitambaa. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya familia hii ya vipokezi, na sehemu kubwa ya habari za GRK na beta-arestini ilitoka katika maabara ya Lefkowitz kule Marekani.

Kengele ikiendelea kubonyezwa, soja huing'oa kabisa na kwenda nayo kibandani kwake. Arestini, ambayo mwanzo ilikuja kunyamazisha, hugeuka kuwa kuli: hukishikanisha kipokezi na klathrini, protini inayojisuka kama kikapu chini ya utando. Utando hubonyea ukawa kishimo, kishimo kikawa kifuko, na dainamini hujiviringisha shingoni mwa kifuko na kukikata. Kipokezi kimemezwa. Hesabu dakika chache hadi nusu saa hivi.

Ndani, kwenye kifuko kiitwacho endosomu, asidi imezidi kidogo ile ya nje. Mjumbe huachia, fosfeti huondolewa, na kipokezi kinaweza kurudishwa kwenye utando kikiwa kizima, tayari kwa kazi. Kile cha adrenalini aina ya beta-2 hurudi upesi, dakika kadhaa tu baada ya dawa kuondoka. Lakini kichocheo kikiendelea kwa saa na siku, vipokezi vingi hubandikwa alama ndogo ya protini iitwayo yubikwitini na kupelekwa lisosomu, ambako husagwa. Soja ameuza kengele kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa hakuna cha kurudisha, na mwenye ploti inabidi anunue mpya. Yaani seli isome jeni, itengeneze protini, iisafirishe hadi utandoni. Hiyo ni kazi ya siku.

Tuongeze jambo ambalo wengi tuliosoma zamani hatukufundishwa. Kumezwa si lazima kuwe kunyamazishwa. Kipokezi cha homoni ya vasopresini cha kwenye figo, kwa mfano, huishikilia arestini kwa nguvu, huingia nayo ndani, hurudi polepole, na kinaweza kuendelea kutuma ujumbe kikiwa ndani ya kifuko. Kengele inalia kibandani kwa soja. Kwa hiyo usiruke moja kwa moja kutoka "kimemezwa" hadi "dawa imekufa".

Kanuni ya kaunta ni hii. Nguvu ikipotea ndani ya dakika na kurudi chini ya saa moja au mbili, shuku fosfeti na arestini. Ikipungua taratibu kwa siku au wiki, na kuhitaji siku kadhaa za mapumziko ili irudi, shuku idadi ya vipokezi. Ikipotea ghafla siku moja, usishuku kipokezi kabisa. Tazama kifaa, tarehe ya dawa, au ugonjwa wenyewe.

Dalili: "Zamani inhela nilivuta mara mbili nikawa sawa, sasa hata sita hazitoshi"

Hii huja sana Julai, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, madirisha yamefungwa, na jiko la makaa liko ndani. Mara ya mwisho alikuja mama mmoja mwenye duka la nguo, akaweka inhela mbili za bluu kwenye kioo, moja imeisha na nyingine anaamini imeharibika. Alitaka "ile ya nguvu". Nikamwomba avute mbele yangu.

Alibonyeza kwanza, kisha akakumbuka kuvuta pumzi. Wingu jeupe likatoka pembeni mwa mdomo kama moshi wa sigara na kupotelea juu ya rafu ya sabuni. Dawa iliyofika kifuani huenda haikutosha kumsaidia ndege. Kipokezi chake cha beta-2 hakikuwa na kosa lolote. Hakuna aliyekuwa amekibonyeza.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na siubadilishi hata foleni ikiwa imefika mlangoni. Kwanza kopo. Inhela ya kawaida ya salbutamoli, hiyo ya bluu, ina mivuto 200, kila mmoja mikrogramu 100. Anayevuta mara nane kwa siku anaimaliza kwa siku 25, na kopo tupu bado hutoa hewa yenye sauti ileile, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Ile hila ya kuelesha kopo kwenye maji uone kama linazama, achana nayo, haitegemeki. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino juu ya kopo.

Kisha mbinu. Tikisa, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole na ubonyeze ukiwa unavuta, kisha shikilia pumzi hadi kumi kabla ya kuitoa. Subiri nusu dakika hadi dakika kabla ya mvuto wa pili. Asiyeweza kuoanisha mkono na pumzi, mtoto hasa, atumie spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Bei ya spesa ikiwa shida, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tundu la kutosha mdomo wa inhela upande wa chini hufanya kazi vizuri kabisa. Mifuko ya plastiki ndiyo iliyopigwa marufuku mwaka 2017, chupa bado tunazo tele.

Tatu, ugonjwa. Pumu ni uvimbe wa ndani wa njia za hewa. Salbutamoli hulegeza misuli inayozizunguka na kuuacha uvimbe kama ulivyo. Uvimbe ukiongezeka, utahitaji mivuto mingi zaidi hata kama kila kipokezi kiko mahali pake. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kweli kwa wengi wanaosema "nimeizoea", na ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mtu hujiona ana tatizo la dawa kumbe ana tatizo la kifua.

Baada ya hayo ndipo nakitazama kipokezi. Kuna alama moja nzuri ambayo wagonjwa hunitajia bila kujua: mikono. Wiki ya kwanza ya kuvuta mara kwa mara, mikono hutetemeka, mtu anamwaga chai. Wiki zinazofuata mtetemo unaisha. Anafurahi, anadhani mwili umepona madhara. Kilichotokea ni kwamba vipokezi vya beta-2 vya kwenye misuli ya mikono vimezibwa na kupunguzwa. Seli za uvimbe, zile zinazomwaga histamini, nazo huchoka mapema. Misuli ya njia za hewa huchelewa zaidi, kwa sababu ina vipokezi vya akiba vingi kuliko inavyohitaji. Unaweza kupoteza sehemu yake na bado ukapumua. Ndiyo maana kinachopotea kwanza ni kinga. Aliyekuwa akivuta mara mbili kabla ya kukimbia Uhuru Park na akawa salama, sasa anabanwa kifua njiani, ingawa akivuta baada ya kubanwa bado anapata nafuu.

Marekebisho hapa si salbutamoli zaidi. Dawa ya steroidi ya kuvuta hufanya kazi mbili kwa mkupuo: hupunguza uvimbe, na huichochea seli isome zaidi jeni ya kipokezi cha beta-2, yaani hununua kengele mpya. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, hautaki mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa inhela ya bluu peke yake. Nikiona mtu ananunua ya bluu kila mwezi na hajawahi kununua ya steroidi, simuuzii kimya kimya. Namrudisha kliniki na barua.

Na usibaki kusoma mwongozo huu kama nafuu ya inhela haidumu hata muda wa saa nne, au huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo inabadilika rangi. Hiyo ni hospitali, sasa hivi, na inhela unaendelea kuivuta njiani.

Dalili: "Matone ya pua yalinisaidia siku tatu, sasa nisipoyaweka pua inaziba kabisa"

Huyu nina hakika naye kabla hajamaliza kusema. Matone ya ksailometazolini na ndugu zake hushika vipokezi vya alfa kwenye mishipa midogo ya damu ya pua. Mishipa hubana, nyama ya pua hunywea, hewa hupita. Inafurahisha sana, na hapo ndipo tatizo lilipo: chupa ni ndogo, inakaa mfukoni, hakuna anayekuuliza.

Baada ya siku kadhaa mfululizo vipokezi vya alfa hupungua usikivu. Tone lililokuwa likidumu saa nane au kumi linadumu nne, kisha mbili. Kibaya zaidi, mishipa iliyozoea kubanwa kwa nguvu ya nje hutanuka kupita kawaida dawa inapokwisha, na pua inaziba vibaya kuliko mafua yaliyoanzisha yote. Mtu anaongeza tone. Nimewahi kuuliza dereva mmoja wa teksi alianza lini, akajibu, "Mvua za mwaka jana, Daktari." Mafua yake yalikuwa yameisha zaidi ya miezi kumi iliyopita. Alichokuwa akitibu ni matone.

Njia ya kutoka ni kuacha, na kuacha kunauma kwa wiki moja au mbili. Wengi hufaulu wakiacha tundu moja kwanza: la kushoto halipati kitu, la kulia linaendelea, ili angalau upate usingizi. Tundu la kushoto likifunguka lenyewe, acha na la kulia. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani na maji ya chumvi husaidia katikati. Kwa ambaye hajaanza: siku tatu hadi tano, kisha funga chupa.

Dalili: "Mofini ya mzee haimtoshi tena"

Kaa chini kwa hii, na usiifanye peke yako. Mofini hushika kipokezi cha mu, kile ambacho mwili wenyewe hukitumia kwa vituliza maumivu vyake vya asili. Ajabu yake ni kwamba mofini ni mvivu wa kuita arestini. Hukiamsha kipokezi vizuri lakini kipokezi humezwa kidogo ukilinganisha na wanachofanya wajumbe wa asili. Ungedhani basi hakutakuwa na kuzoea. Kupo, na wanasayansi wamevutana kwa miaka kuhusu sababu. Sehemu ya jibu iko mbele zaidi ya kipokezi: seli iliyozuiwa kila siku isitengeneze saikliki AMP huongeza uwezo wake wa kuitengeneza, ikingoja siku kizuizi kitakapotoka. Ndiyo maana dawa ikikatwa ghafla mtu hutoka jasho, hutapika, mwili mzima unamuuma.

Kwa mgonjwa wa saratani, hata hivyo, sababu ya kwanza ya kuchunguza maumivu yanapoongezeka ni ugonjwa kusonga mbele. Mweleze daktari maumivu yako wapi, yameanza lini, kama ni palepale au mahali papya. Maumivu mapya mahali papya hayaletwi na kipokezi.

Ukitaka kuona jinsi kipokezi kilekile kinavyochoka kwa mwendo tofauti katika viungo tofauti, mtazame huyo mzee. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza kimeisha. Usingizi mzito umepungua. Lakini kufunga choo hakuishi, hata baada ya mwaka, kwa kuwa utumbo hauizoei mofini kama ubongo unavyoizoea. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza, na isiachwe.

Onyo moja, nalo ni kwa yeyote aliyewahi kutumia dawa za kundi hili, iwe kwa cheti au kwa njia za mtaani. Aliyepumzika wiki kadhaa, labda alilazwa, labda alifungwa, usikivu wake umerudi. Dozi aliyokuwa akiimudu kabla ya mapumziko inaweza kumzimisha pumzi. Kinachoua hapo ni mwili kusahau.

Dalili: "Baba alichomwa sindano ya tezi dume, mifupa ikazidi kuuma"

Familia hufika kwa hasira, na nawaelewa. Mzee ana saratani ya tezi dume, amechomwa gosereliini tumboni, miligramu 3.6 ya siku 28, na wiki ya kwanza maumivu ya mgongo yamepanda. Wanadhani amepewa dawa mbovu.

Dawa imefanya inachotakiwa. Ubongo huamrisha homoni za uzazi kwa mjumbe anayetumwa kwa mapigo, mpigo mmoja kila dakika 60 hadi 120 hivi. Kati ya mpigo na mpigo kipokezi hupumzika. Gosereliini huiga mjumbe huyo lakini hakuna kupumzika, inabonyeza kengele mchana na usiku. Siku za kwanza tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye vipokezi hivyo, huitikia kwa kelele, testosteroni hupanda, saratani inayoila testosteroni huchachamaa. Kisha kipokezi huzibwa, hupunguzwa, tezi hunyamaza, na katika muda wa wiki tatu hivi testosteroni hushuka hadi kiwango cha mtu aliyehasiwa. Hapa ndipo kuchoka kwa kipokezi si hitilafu bali ni tiba yenyewe, na naipenda hii kuliko mifano yote ninayoijua: mtu alitazama ubovu akaugeuza kuwa chombo.

Mbona huchukua wiki na si dakika? Kipokezi hiki cha binadamu hakina mkia wa ndani ule ambao GRK huubandika fosfeti. Soja hana pa kufunga kitambaa. Inabidi kungoja njia ndefu, ya kupunguza idadi na kuharibu uitikiaji wa seli yenyewe.

Cha kukagua: je, mzee alipewa vidonge vya kuzuia testosteroni, kama bikalutamaidi, kabla au pamoja na sindano ya kwanza? Hivyo ndivyo hufunika wiki hizo za kelele. Kama hakupewa, piga simu kliniki leo. Na kama miguu inakosa nguvu au mkojo umekataa kutoka, usipige simu, mpeleke. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Dalili: pilipili ya kibandani haichomi tena

Hii si ugonjwa, ni jaribio unaloweza kufanya leo jioni kwenye mutura. Kapsaisini ya pilipili hufungua TRPV1, mlango wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) ambao pia hufunguliwa na joto la kuanzia nyuzi 43 hivi. David Julius alishiriki Nobeli ya mwaka 2021 kwa kuutambua. Kula pilipili mfululizo, kipande juu ya kipande, na ukali utapanda. Sasa acha kwa robo saa, zungumza siasa, kisha rudi kwenye pilipili ileile. Itakuwa imepoa. Kalsiamu iliyoingia kupitia mlango huo ndiyo iliyoufunga kutoka ndani. Hakuna protini G wala arestini hapa.

Milango ya ioni ina tabia zake. Mwaka 1957 Bernard Katz na Stephen Thesleff walionyesha kwamba kipokezi cha asetilikolini, mjumbe wa neva, kwenye misuli hujifunga chenyewe hata mjumbe akiwa bado amekishika. Nikotini hutumia jamaa za kipokezi hicho kwenye ubongo. Mvutaji atakuambia sigara ya kwanza ya asubuhi haina mfano, na ya kumi ni ya kutimiza wajibu. Usiku kucha vipokezi vilipata nafasi ya kufunguka. Kufikia saa sita mchana vingi vimejifunga.

Dalili zinazofanana na hizi lakini hazihusu kipokezi

Nazipitia upesi, maana hapa watu hupoteza pesa nyingi.

"Antibayotiki hii nimeizoea." Hapana. Ni bakteria waliobadilika, si wewe. Jirani yako ambaye hajawahi kumeza kidonge hicho akiambukizwa bakteria haohao, hakitamsaidia. Ndivyo ilivyokuwa kwa malaria: Kenya iliacha klorokwini mwaka 1998, na dawa iliyofuata nayo ikalemewa hadi tukaingia kwenye mchanganyiko wenye artemisinini mwaka 2006. Vimelea ndivyo vilivyobadilika.

"Parasetamoli haitulizi tena kichwa changu." Umekunywa siku ngapi mwezi huu? Zikifika 15 au zaidi, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa. Acha, chini ya uangalizi, uone.

"Vidonge vya naitreti vya moyo vimelegea." Hapa kuna kuzoea kwa kweli, na kwa haraka, ila mzizi wake hauko utandoni: mwili huchoka kuibadilisha naitreti kuwa naitriki oksaidi, gesi inayotanua mishipa. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti, inayotengenezwa kwa naitreti ya jamii hiyohiyo, walilijua hili zamani. Jumatatu kichwa kilipasuka, kufikia katikati ya wiki kimetulia, mapumziko ya Jumapili yakarudisha usikivu, na Jumatatu ikaja tena. Ndiyo sababu dozi hupangwa ziache saa 10 hadi 12 bila dawa, mara nyingi usiku. Ukiona unameza kila baada ya saa sita sawasawa, muulize aliyekuandikia.

"Sukari haishuki." Katika kisukari aina ya pili kipokezi cha insulini hupungua kidogo, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya hitilafu iko kwenye ujumbe baada ya kipokezi. Huo ni mwongozo mwingine.

Dalili: "Niliacha vidonge siku nne tu, moyo ukapiga kama ngoma"

Huyu ndiye kinyume cha wote. Propranololi na atenololi, dawa za presha na moyo, hukaa juu ya vipokezi vya beta bila kuviamsha. Kengele haijabonyezwa kwa miezi. Seli, ikidhani haisikii vizuri, hutundika kengele nyingine, na nyingine tena. Ukiwa unameza dawa hutajua, kwa kuwa zote zimefunikwa. Siku unayoishiwa, adrenalini yako ya kawaida, ile ya kukimbilia matatu tu, inakuta geti limejaa kengele. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, mikono inatetemeka, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata maumivu ya kifua.

Swali la kwanza si "umekula nini?" bali "leo ni tarehe ngapi?" Dalili hizi hunijia zaidi kati ya tarehe 25 na mwisho wa mwezi. Mtu ameishiwa vidonge, mshahara haujaingia, akasema atanunua Ijumaa. Anayetaka kuacha dawa hizi hupunguziwa taratibu kwa wiki moja, mbili au zaidi, kwa mpango wa daktari, ili seli ipate muda wa kushusha kengele za ziada. Kwa aliyeishiwa tu, mpango ni mfupi. Njoo na cheti chako, ununue vidonge vinne vya kukufikisha siku ya mshahara. Tunavikata kwa mkasi na kukuandikia tarehe kwenye bahasha.